Vinavyosinzia

3 Mei

Kaka Waya,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na meno yako yote, maana ulivyonieleza ile nyama ya kambini nilikuonea huruma. Sisi hatujambo. Baba anakwenda kibandani kwake kila alfajiri kuwachongea funguo watu wanaopoteza funguo, na anarudi jioni akiwalalamikia hao hao wanaomlisha. Siku hizi chai anakunywa bila sukari. Nikimuuliza, anasema ni meno.

Habari kubwa ni yangu. Chuo cha upimaji ardhi wamenijibu: nimepata nafasi. Miaka miwili, naanza tarehe tatu Septemba. Ile karatasi nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Nimeuza misumari na saruji kwenye duka la mtu miaka tisa, kaka, na sita kati ya hiyo nilikuwa nikitoka dukani nakuja kumgeuza mama kitandani. Sasa ni zamu yangu. Nilipomwambia baba alisema, "Nenda." Neno moja tu, akaendelea kula.

Ila nataka nimwachie nyumba iliyokaa sawa. Umeme wetu unaisha kama kuna mtu anaunywa kwa mrija. Tuko wawili tu, friji ya jikoni ilikufa mwaka jana, pasi naigusa Jumapili. Zamani uniti zilifika mwisho wa mwezi bila taabu. Tangu ulipokuja likizo ya Januari, zinatuacha gizani siku tano kabla. Wewe ndiye fundi umeme wa familia, unawapelekea watu baki nyaya na nguzo huko porini ambako hata simu haishiki. Basi na sisi tukumbuke. Naanzia wapi?

Mdogo wako anayeshika daftari na kalamu,
Kipimo

18 Mei

Kipimo mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imekuja na lori la vyakula, kati ya magunia ya unga, ndiyo maana niliisoma huku nikipiga chafya. Nimefurahi mpaka wenzangu hemani wakaniuliza nimeoa lini. Nenda chuo. Usiahirishe kwa sababu yoyote, iwe nyumba, iwe baba, iwe mimi. Nimelisema hili mapema ili usije kusema hukuambiwa.

Kuhusu umeme: unakumbuka baba alivyokuwa akituambia tulipokuwa wadogo? Ukizima televisheni kwa rimoti haijalala, inasinzia. Inakaa jicho moja wazi ikikungoja uibonyeze, na muda wote huo inakula. Basi tafuta vinavyosinzia. Televisheni, king'amuzi chake, redio kubwa ya sebuleni, ile chaja ya simu unayoiacha ukutani bila simu (nakujua). Kuzima hakutoshi, chomoa plagi. Kimoja kimoja kinakula kidogo, lakini kinakula saa ishirini na nne.

Ukitaka uhakika, chomoa kila kitu nyumbani, kisha kaitazame mita. Ile taa yake ndogo nyekundu hupepesa kadiri umeme unavyotumika. Ikitulia, umevimaliza.

Stoo ya baba usihangaike nayo, mle mna vyuma tu. Vipi, baba anakula vizuri? Miguu yake haimsumbui? Niandikie kuhusu miguu.

Kaka yako aliyejaa vumbi,
Waya

1 Juni

Kaka,

Shikamoo tena. Miguu ya baba ina vidole kumi, nimehesabu. Umeanza lini kuulizia miguu ya watu?

Nimefanya ulivyosema. Jumapili baba alipokwenda kucheza drafti kwa rafiki yake, nilichomoa vyote. Televisheni, king'amuzi, redio, chaja, hata taa ya mezani. Nikachukua kigoda nikaketi mbele ya mita kama mtu anayesubiri kuitwa ndani. Taa ikapepesa. Nikahesabu hadi sitini, ikapepesa tena. Nikazunguka nyumba nzima nikipapasa kuta, nikarudi. Inapepesa. Saa nzima nilikaa pale, kaka, na kila ikipepesa nilihisi kama inanikonyeza.

Kwa hiyo kuna kitu. Ama nyumbani kwetu, ama kuna mtu ameunganisha kwetu. Namshuku jirani wa ukuta, yule mama fundi cherehani. Mashine yake mpya inanguruma kutwa nzima na sijawahi kumsikia akilalamika uniti.

Nilitaka kuangalia stoo nihakikishe, lakini baba ameweka kufuli mpya mlangoni, ile nene anayoitengeneza mwenyewe, na ufunguo anatembea nao shingoni. Nilipomuuliza mle mna nini alisema, "Vyuma." Umesema vyuma, na yeye kasema vyuma. Mmekubaliana vizuri sana.

Nijibu haraka. Wewe ndiye unayejua. Taa inapepesa kwa nini?

Kipimo

15 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa tunaendelea, juzi tumesimamisha nguzo ya arobaini, na mpishi amepata homa kwa hiyo tunapika kwa zamu. Zamu yangu ilikuwa jana na hakuna aliyeshukuru.

Kuhusu mita. Hizi mita za siku hizi hupepesa hata zisipotumika, ni kawaida yake tu, ndivyo zilivyotengenezwa. Usikeshe nayo macho. Umeshachomoa vinavyosinzia, inatosha, uniti zitapona zenyewe. Yule mama wa cherehani ni mtu safi, alimfulia mama mashuka wakati sisi hatuna nguvu. Tafadhali usimguse.

Na ya stoo iache. Baba ni mtu mzima, ana haki ya kuwa na mlango wake.

Umeshanunua begi la safari? Nunua lenye magurudumu.

Waya

29 Juni

Kaka Waya,

Shikamoo. Barua yako imenikuta nimeshamgusa yule mama.

Nilikwenda Jumamosi. Nilimwambia mlangoni kwake, mbele ya wateja wake wawili, kwamba umeme wetu unapotea na ukuta wetu ni mmoja. Hakupandisha sauti. Aliondoa kitambaa kwenye mashine, akanionyesha waya wake hatua kwa hatua mpaka kwenye mita yake, kisha akasema, "Umeridhika, mwanangu?" Nimekuwa nikipita njia ya nyuma tangu siku hiyo. Kama barua yako ingefika wiki moja mapema nisingejiaibisha hivyo.

Na hiyo habari yako ya mita kupepesa bure sijaielewa. Barua ya kwanza ulisema ikitulia nimevimaliza. Ya pili unasema haitulii kamwe. Ni fundi yule yule aliyeandika zote mbili?

Basi nimejitafutia dawa mwenyewe, nawe utanipongeza. Tangu tarehe nane nazima swichi kuu. Baba anaondoka alfajiri, mimi ndiye wa mwisho kutoka, nazima nyumba yote, naifunga. Jioni narudi wa kwanza, nawasha. Hakuna cha kusinzia wala cha kukonyeza. Baba sijamwambia, maana angesema swichi kuu si ya kuchezea. Mwezi ukiisha na uniti zimebaki ndipo nitamwonyesha daftari, nimwone atakavyotoa macho. Mpaka leo naona tutavuka.

Baba hajambo, ila amechoka. Joto la mwaka huu limezidi, mabati yanalia mchana kutwa. Anakunywa maji mengi, ndoo ninayojaza asubuhi jioni haina kitu. Amekonda kidogo. Na anasinzia, kaka, anasinzia mno, juzi kalala na tonge mkononi. Nilimwambia, "Baba, na wewe nikuchomoe?" Akacheka, kisha akasinzia tena.

Begi nimenunua. Lina magurudumu.

Kipimo

13 Julai

Kipimo,

Acha swichi kuu. Usiizime tena hata siku moja. Ukisoma mstari huu, inuka kwanza uhakikishe imewashwa, kisha urudi umalizie.

Usiniulize kwa nini. ~~Mle stoo kuna~~ Mwambie baba umekuwa ukizima. Mwambie yeye, kwa maneno hayo hayo, "Baba, tangu tarehe nane Juni nilikuwa nazima swichi kuu mchana." Atajua la kufanya. Na aende hospitali, siyo kesho. Mwambie mimi ndiye niliyesema aende, na kwamba nitanyamaza kama nilivyoahidi iwapo ataenda.

Nakuomba sana.

Waya

Nimeongeza hapa tarehe 22: mto umejaa na lori limekwama ng'ambo. Barua hii imekaa siku tisa mfukoni mwangu. Nimemwomba msimamizi redio ya mawasiliano ya kambi, imekufa betri. Kama kungekuwa na njia ya miguu ningeshaondoka.

2 Agosti

Kwako uliye kambini,

Barua yako ya tarehe kumi na tatu ilifika tarehe thelathini Julai. Baba alianguka tarehe ishirini na sita.

Alianguka kibandani saa nne asubuhi. Kinyozi wa jirani ndiye aliyemwona, kichwa juu ya meza, mtu anamwita amchongee ufunguo na yeye haitiki. Walidhani amesinzia. Waliniita dukani, na yule mama wa cherehani, yule niliyemwita mwizi, ndiye aliyekuja na gari la mteja wake kutupeleka hospitali.

Daktari alimpima kidoleni akaniuliza, "Sindano zake za sukari mnazihifadhi wapi?" Nikamwambia baba hana sukari. Akanitazama kwa namna ambayo sitaisahau. Akasema mzee ana alama za sindano tumboni, za miezi mingi. Akanituma nikalete dawa anayotumia, waione.

Nilirudi nyumbani. Ufunguo wa stoo, mahali pekee nisipopajua, ulikuwa umebaki hospitali na nguo zake, sikuwa na akili ya kuukumbuka. Nikachukua vipande viwili vya waya, nikapiga magoti mlangoni kama alivyotufundisha tukiwa wadogo, wewe ukichoka mapema na kwenda kucheza. Nilimsikia kabisa akiniambia nisiisukume kufuli, niisikilize. Ikafunguka.

Vyuma vipo, kweli. Nyuma ya vyuma kuna friji ndogo, ya ukubwa wa kigoda. Niliweka mkono ndani. Kwa kuwa nilitoka asubuhi na kuzima kama kawaida, ilikuwa ya moto, kaka, ya moto kama ndani ya kabati. Vichupa sita vimepangwa vizuri. Wiki saba nimevipika kila siku chini ya mabati yale, jioni namwashia vipoe, asubuhi anajidunga maji ya bure akiamini ni dawa. Na mimi namtania kwamba anasinzia.

Halafu nikaona plagi. Imezungushiwa ule utepe mweusi wa mafundi umeme, na juu yake karatasi yenye herufi kubwa: USIZIME. Ile herufi Z unaikata katikati. Hakuna mtu mwingine ninayemjua anayeikata Z katikati.

Ulikuwa unajua. Tangu Januari. Niliuliza taa inapepesa kwa nini, nikauliza fundi, nikauliza kaka yangu, ukaniambia mita ndivyo zilivyotengenezwa. Hata ulipoona nyumba inaungua uliandika neno ukalikata. Nimeishika barua ile kwenye mwanga, nimesoma ulichokata. Maneno matatu tu. Ungeyaacha yalivyo.

Baba amefumbua macho jana. Haongei. Sijui kama ataongea.

Sitaki salamu zako.

10 Agosti

Mdogo wangu,

Sitaanza na salamu kama ulivyosema.

Hii nampa dereva mkononi, nimemwapisha ataifikisha mwenyewe. Nimeomba ruhusa ya kuondoka. Msimamizi anasema lazima aje mtu wa kunipokea kazi kwanza, ndiyo sheria ya nyaya.

Ndiyo, nilijua. Januari baba alinipeleka hospitali mwenyewe, akasema tunakwenda kuangalia meno. Baada ya hapo tulikaa kwenye benchi nje, akanishika mkono, jambo ambalo hajalifanya tangu nivunje mguu darasa la tatu. Akasema: "Yule mtoto alimuuguza mama yenu miaka sita. Akijua, hataondoka. Ataanza kunipimia chakula, na chuo ataandikia barua ya kuahirisha, kisha ataahirisha tena, mpaka nife. Sitaki awe mke wa maradhi yangu. Niapie." Nikaapa. Friji nilinunua mimi, nikaifunga mimi, na karatasi ile niliandika mimi kwa sababu niliogopa yeye mwenyewe asije akaichomoa kwa kubana matumizi. Wewe sikukufikiria kabisa. Nilidhani kufuli yake inatosha.

Ulipoanza kuuliza, niliona nina mambo mawili: nivunje kiapo, au nikudanganye kidogo mpaka Septemba. Nikajiambia ni uongo mdogo, wa taa ndogo. Sijawahi kumdanganya mtu kuhusu umeme, Kipimo. Hata wateja wabishi. Wewe ndiye wa kwanza, na nilijua unaniamini kwa sababu ni kazi yangu. Barua ya mwezi wa saba nilikuwa na kalamu mkononi na ukweli wote kichwani, bado nikaona aibu ya kuvunja neno la baba ni kubwa kuliko hatari. Ndivyo nilivyopima. Nilipima vibaya.

Hukumuua mtu, wala hukuvipika vichupa vile kwa kujua. Ulizima swichi ya nyumba yako. Mwenye kosa ni aliyejua kilichokuwa upande wa pili wa waya akakuacha uguse.

Niambie tu kama ameongea.

Waya

21 Agosti

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mkono umezoea, usije ukadhani nimekusamehe.

Baba ameongea. Tuko nyumbani tangu Jumatano. Jicho la kulia halioni vizuri, wanasema huenda likarudi kidogo, huenda lisirudi. Funguo hawezi kuchonga kwa sasa, meno ya ufunguo hayaoni. Mguu umevimba lakini ni mzima. Kila siku nilijiuliza neno lake la kwanza litakuwa lipi. Nilijiandaa kulaumiwa. Unajua alisema nini? "Kufuli umeifungua kwa dakika ngapi?" Nikamwambia kama tano hivi. Akafikiri, akasema, "Ile ni ya dakika mbili. Ulikuwa na haraka." Nikalia mbele ya wagonjwa wote, na yeye akanipapasa mkono akitafuta uso wangu kwa jicho moja.

Kwa yule mama wa cherehani nimekwenda kuomba radhi, mbele ya wateja, maana nilimtuhumu mbele ya wateja. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia nigeuke anipime mabega, mwanafunzi hawezi kwenda chuoni na koti la kuazima. Friji tumeihamishia sebuleni, iko wazi, hakuna kufuli. Dawa ni mpya. Inapepesa kule kwenye mita na mimi naiacha ipepese.

Sasa sikiliza, maana hili nimelipima mwenyewe bila kumuuliza fundi yeyote.

Mlikaa wawili kwenye benchi mkaamua nisijue ili niweze kuondoka. Mlinipenda, naelewa, na nina hasira hivyo hivyo. Mlidhani nikijua nitabaki. Hakuna aliyeniuliza. Nimekaa na hilo wiki nzima, nikafungua begi, nikatoa nguo, nikazirudisha. Nilibaki kwa mama kwa sababu nilikuwa peke yangu, wewe ulikuwa kwenye nguzo zako. Safari hii siko peke yangu. Baba ana watoto wawili.

Ninaondoka tarehe mbili Septemba, basi la asubuhi. Nimemwambia baba. Alisema neno lile lile, "Nenda," lakini safari hii alisema akinitazama.

Kwa hiyo mwambie msimamizi wako na sheria yake ya nyaya kwamba tarehe mosi uwe umefika hapa, kwa lori, kwa miguu, kwa vyovyote. Usipofika, yule mama ataingia asubuhi na jioni mpaka ufike, ameshakubali. Nami nitaondoka hivyo hivyo, na nitajua umechagua nguzo zako. Ukija, kiapo kingine usiniletee. Ukitaka kunificha kitu, usiandike.

Kipimo

2 Septemba, asubuhi, imebandikwa mlangoni mwa friji

Kaka,

Umeingia jana jioni, ukala ukalala na viatu, sikukuamsha. Umekonda kuliko baba. Nimekufunika. Basi langu haliwezi kukungoja uamke, na pengine ni afadhali, maana tungeanza kulizana.

Sindano ya asubuhi ameshapata. Ya jioni ni saa kumi na mbili, kabla ya kula, atakuonyesha kiasi lakini usimwamini, soma karatasi ya daktari. Miguu mwangalie kila siku, kidole kwa kidole, si ulikuwa ukiiulizia? Chai bila sukari, na ile habari ya meno mwambie imeisha.

Televisheni, chomoa. King'amuzi, chomoa. Redio, chomoa. Chaja nimekwenda nayo.

Friji hii usiizime. Wala karatasi yako sijaibandua.

Na baba akisinzia mchana, usipite ukadhani amechoka. Mwamshe.

Mdogo wako